Kabla hujashika upanga, cheza kwanza

Jumanne jioni, ukipita nje ya ukumbi wa kanisa ambao kikundi chetu cha dansi, upanga na lesi za zamani kinaukodi hapa Northampton, Uingereza, utasikia filimbi, kigoma, halafu makofi ya watu wazima wanaocheza dansi ya madobi. Dansi hiyo ina zaidi ya miaka 400. Iliandikwa na kasisi wa Langres, Ufaransa, aliyejiita Thoinot Arbeau, katika kitabu chake cha 1589, naye anaeleza kwamba makofi yale yanaiga kishindo cha wanawake wanaopiga nguo kando ya mto Seine. Mwaka 1589! Kwetu Mombasa, Wareno walikuwa hawajaanza hata kujenga Fort Jesus; walianza 1593.

Lakini siwezi kuwadanganya. Sikuingia kikundi hiki kwa ajili ya dansi, niliingia kwa ajili ya panga. Mwezi wa kwanza nilikuwa nachelewa makusudi ili nikute dansi imekwisha. Matokeo yake niliyaona mwenyewe. Kila nikitaka kumchoma mwenzangu, mguu wangu unatangulia mkono. Yeye anaona goti linavyoinuka, anajisogeza kando kidogo tu, ncha yake imeshanigusa begani. Katika rapia, ule upanga mrefu mwembamba, mkono hunyooka kwanza, mguu ukafuata. Mimi nilikuwa navamia kama mtu anayewahi matatu.

Mzee anayetufundisha hakunigombeza. Alinirudisha kwenye dansi, basi. Huko unajifunza kusimama juu ya mguu mmoja bila kuyumba, kukaa umbali uleule na mwenzako mkizunguka, na kusubiri hesabu. Dansi ya galiadi, kwa mfano, ina hatua tano kwa hesabu sita: unarusha mguu mara nne, hesabu ya tano uko hewani, ya sita unatua. Ukishindwa kutua hapo, utatuaje mbele ya upanga? Arbeau mwenyewe ameandika kitabu chake kama mazungumzo na kijana aitwaye Capriol, mwanasheria anayejua kupigana kwa upanga lakini hajui kucheza, na sasa mabinti wanamkwepa. Nilicheka nilipomfikia. Na ndani ya kitabu hichohicho imo dansi ya panga na ngao. Kwa hiyo mambo haya sisi ndio tulioyatenganisha.

Kuhusu vifaa: usinunue kitu miezi mitatu ya mwanzo. Vikundi vingi vina vya kuazima. Upanga una uzito wa kilo moja na ushee, na huwezi kujua upi unakufaa mpaka mkono wako umechoka nao mara kadhaa. Siku ukianza kununua, anza na barakoa ya kichwa na kinga ya koo. Upanga uwe wa mwisho, hata kama moyo unakataa. Viatu viwe vya soli nyembamba.

Sasa lesi, ule utepe wa matundu unaosukwa kwa uzi. Hii nilidhani ni ya kina bibi, ya kupitishia muda watu wengine wakipumzika. Unakuwa na mto mgumu, karatasi ya mchoro iliyotobolewa, pini, na vijiti vya kuzungushia uzi vinavyofanya kazi jozi kwa jozi. Miondoko ni miwili tu. Kupishanisha: kati ya vijiti vinne, vile viwili vya katikati, cha kushoto kinapita juu ya cha kulia. Kusokota: katika kila jozi, cha kulia kinapita juu ya cha kushoto. Pishanisha, sokota, pishanisha. Umepata mshono wa kwanza. Vijiti vya huku vina shanga za kioo mwishoni ili visibingirike. Wapenda usahihi wananung'unika kwamba shanga hizo ni za zama za baadaye. Wanune tu, bila shanga vyangu vinatawanyika.

Ushauri wangu mmoja hapa: usibebe mto kwenye basi bila kuvifunga vijiti kwa kitambaa. Mimi nilibeba hivyohivyo. Nilifika nyumbani na fundo la ukubwa wa limau, jozi kumi na mbili zimeshikana, nikalala saa nane za usiku. Anza na jozi sita, na uzi mnene wa rangi mbili ili uone nani kapita wapi.

Juzi nilimtumia shangazi yangu Mombasa picha ya kipande changu cha kwanza cha lesi, urefu wa kidole. Yeye hushona kofia kwa mkono, zile za vitundu, tangu sijazaliwa. Nilitegemea sifa. Akaniletea ujumbe wa sauti: "Mashallah, mwanangu. Lakini safu ya tatu umeruka tundu."

Nikahesabu. Kweli, nimeruka. Nikafumua.