Nondo wa Mchana Mwenye Mikia

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokwenda kumtembelea dada yangu Usambara Mashariki, niliona mdudu mkubwa mweusi mwenye michirizi ya kijani na dhahabu inayong'aa, na mikia kwenye mabawa ya nyuma, akinyonya maua saa sita mchana. Mwenyeji mmoja alishikilia kwamba ni nondo. Je, nondo huruka mchana? Na nikipanda maua ya aina hiyo hapa Moshi, nitampata bustanini?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, uliyemwona ni Chrysiridia croesus, na mwenyeji huyo alisema kweli. Nondo wengi huruka usiku, lakini wapo wa mchana, na huyu ni mmoja wao. Ukimwona tena, tazama vipapasio vyake: vya kipepeo huishia na kinundu, ilhali vyake ni vyembamba kama uzi mpaka nchani. Hata wataalamu waliwahi kupotea, kwani ndugu yake wa Madagaska, Chrysiridia rhipheus, alipoelezwa na Mwingereza Dru Drury mwaka 1773, aliwekwa katika kundi la vipepeo kwa jina la Papilio rhipheus.

Kinachostahili kutazamwa zaidi ni bawa. Limefunikwa na vigamba vidogo mno, yaani ule unga unaobaki vidoleni mtu anapomshika, na katika sehemu zinazong'aa vigamba hivyo vina tabaka nyembamba zinazorudisha mwanga kwa namna ambayo mawimbi yake hukutana na kuzaa kijani, bluu au dhahabu kutegemea upande unaotazamia. Ndiyo maana rangi hubadilika kila anapogeuka.

Kuhusu bustani, nasikitika kusema kwamba maua hayatoshi. Maua humlisha nondo aliyekomaa tu. Kiwavi wake hula majani ya Omphalea, mimea ya msituni ya jamii moja na muhogo na mbono. Mimea hiyo ina sumu, ambayo kwa nondo wa Madagaska imethibitika kubaki mwilini tangu kiwavi hadi utu uzima, na rangi zake kali huwaonya ndege. Msitu unapofyekwa na mimea hiyo ikaondolewa kwa kudhaniwa magugu, nondo huyu hutoweka hata kama maua yamejaa kila upande. Kwa hiyo, badala ya kumwita Moshi, mwombe dada yako na majirani zake waiache Omphalea popote wanapoikuta, na viwavi walio juu yake wasiwanyunyizie dawa.