Bamvua, kilo ya Nairobi na shimo jeusi: majibu ya maswali yenu

Niliomba maswali kuhusu mvutano, ile nguvu inayoliangusha embe na kuuzuia mwezi usitoroke. Yamekuja mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Naanza na haya.

Wanaanga wanaelea kwa sababu huko juu hakuna mvutano, sivyo? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Dodoma)

Sivyo, ingawa hata watangazaji husema hivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu yetu, na hapo mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao chini. Wanaelea kwa kuwa wanaanguka, wao pamoja na chombo chao, kama watu waliomo kwenye lifti iliyokatika waya. Ila wao wanakwenda pia kwa upande, kilomita 28,000 kwa saa, na kwa kadiri wanavyoshuka, ndivyo dunia nayo inavyojipinda chini yao. Wanaanguka mchana na usiku bila kufika chini.

Kama mwezi ndio unaovuta bahari, mbona maji hujaa mara mbili kwa siku na mwezi hupita juu yetu mara moja tu? (Mvuvi, Pangani)

Swali hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana wengi tumekariri jibu bila kuuliza jambo hilo.

Fikiria watoto watatu wanakimbia kwa kufuatana. Wa mbele ana kasi kuliko wa kati, na wa kati ana kasi kuliko wa nyuma. Baada ya muda, wa kati atamwona mwenzake wa mbele akimwacha, na wa nyuma akibaki mbali. Nafasi imefunguka pande zote mbili. Sasa, mtoto wa mbele ni maji yaliyo upande wa mwezi, wa kati ni dunia yenyewe, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Mwezi unawavuta wote, ila wa karibu zaidi kuliko wa mbali. Maji yanatuna upande huu na upande ule, na dunia ikijizungusha, Pangani inapita kwenye matuno yote mawili. Kwa vile mwezi nao unasogea, maji ya kesho hujaa kama dakika 50 baada ya saa ya leo. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Jua nalo lina mkono wake. Linaivuta dunia zaidi ya mara 170 kuliko mwezi unavyoivuta, lakini kwa maji kujaa na kupwa nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Sababu ni umbali: kinachotunisha maji ni tofauti ya mvutano kati ya upande wa karibu na wa mbali, na kwa kitu kilicho mbali kama jua tofauti hiyo ni ndogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, nasi tunapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa kiwango kikubwa kabisa, ambalo Zanzibar hufikia takriban mita 4 kati ya maji kujaa na maji kupwa. Akina mama wanaolima mwani kule Paje hupanga kazi zao kwa siku hizo. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo mbili zinapingana, maji hujaa na kupwa kidogo tu, na hayo ndiyo maji mafu.

Msomaji wa Mwanza aliyeuliza kwa nini Ziwa Victoria halijai na kupwa: linajaa, lakini ni dogo mno kulinganisha na bahari, na kinachopatikana ni kidogo kiasi kwamba upepo wa asubuhi tu unakifuta.

Eti kilo ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Ulaya? (Mfanyabiashara wa kahawa, Nairobi)

Kwa mizani ya mawe, hapana, kwa sababu mawe nayo yanapungua uzito pamoja na mzigo. Kwa mizani ya springi, kweli. Dunia imetuna kiunoni, kwa hiyo aliye kwenye ikweta yuko mbali na kitovu chake kwa kilomita 21 zaidi ya aliye ncha ya kaskazini, na tena mzunguko wa dunia unamrusha nje kidogo. Mtu wa kilo 80 kule nchani atasoma pungufu kama gramu 400 huku kwetu. Usijipongeze, nyama ni ileile.

Shimo jeusi likichukua nafasi ya jua, tutafyonzwa? (Msomaji, Malindi)

Hatutafyonzwa. Shimo jeusi ni kitu kilichobanwa mno, hata mwanga hauwezi kuutoroka mvutano wake. Likiwa na tungamo (wingi wa maada) sawa na la jua, dunia itaendelea kulizunguka kama kawaida, mwaka uleule wa siku 365. Tutakufa kwa baridi. Shimo lenyewe lingekuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3 tu. Jua letu, hata hivyo, ni jepesi mno kugeuka shimo jeusi.

Nimefurahi swali limetoka Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano baharini karibu na kwenu, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilipoangalia Cygnus X-1, chanzo cha miale hiyo kilicho mbali angani, iliona miale ikipepesa haraka mno, ishara kwamba chanzo chake ni kidogo sana. Kumbe gesi ya nyota jirani inavutwa na kitu kisichoonekana, inapata joto la mamilioni ya nyuzi, kisha inatumbukia. Leo kitu hicho kinakadiriwa kuwa na tungamo la majua 21 hivi, na kilikuwa cha kwanza kukubalika kwa wengi kuwa shimo jeusi.

Satelaiti yenyewe ilimaliza kazi 1973, ikawa inashuka taratibu, na 1979 ikaanguka na kuungua hewani.