Usihesabu wagonjwa wapya kabla ya kuuliza wamepimwa wangapi: kufuatilia janga kwa takwimu za wizara

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Kuanzia hapo watu walizoea kungoja tangazo la Wizara ya Afya, mara nyingi likisomwa na Waziri Mutahi Kagwe mwenyewe: ndani ya saa 24 zilizopita sampuli kadhaa zimepimwa, watu kadhaa wamepatikana na virusi, kadhaa wamepona, kadhaa wamefariki. Jioni taarifa ya habari ilifungua na nambari moja tu kati ya hizo, ya wagonjwa wapya. Ndiyo nambari dhaifu kuliko zote. Anayetaka kujua ugonjwa unaenea vipi nchini lazima aanze na ile iliyotajwa kwanza, idadi ya sampuli, ambayo wengi waliiacha ipite.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jumatatu sampuli 1,850 zimepimwa, wapya ni 148. Jumatano sampuli 6,100, wapya 366. Kichwa cha habari kitasema maambukizi yamepanda zaidi ya maradufu kwa siku mbili. Gawanya sasa: Jumatatu ni asilimia 8, Jumatano ni asilimia 6. Kilichopanda ni upimaji. Huenda vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimewasili, au maabara imemaliza rundo la sampuli zilizolala tangu Ijumaa. Asilimia hiyo ya waliopatikana na virusi kati ya waliopimwa ndiyo inayokuambia kama unaona sehemu kubwa ya ugonjwa au unachungulia tu. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza serikali zisilegeze masharti mpaka asilimia hiyo ikae chini ya 5 kwa siku 14. Nchini Kenya, wiki ile Rais Uhuru Kenyatta alipofunga kaunti tano za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, tarehe 26 Machi 2021, asilimia ilikuwa imepita 20. Yaani katika kila watu watano waliopimwa, mmoja alikuwa nao. Katika hali kama hiyo, wagonjwa ambao hawajafikiwa na kipimo ni wengi kuliko walioandikwa.

Fungua jedwali lako la Excel hivi. Kila siku iwe na mstari wake, na safu ziwe: tarehe ya tangazo, sampuli zilizopimwa, wagonjwa wapya, vifo vilivyotangazwa, vifo vilivyotokea ndani ya saa 24, waliolazwa, walio katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mwisho safu ya maelezo. Hiyo ya mwisho usiidharau. Humo ndimo unaandika “leo matokeo ya Mombasa hayakujumuishwa” au “kuanzia leo vipimo vya haraka vya antijeni vinahesabiwa pamoja na vya PCR, vile vya maabara”. Miezi sita baadaye, ukikuta grafu imeruka kwa namna isiyoeleweka, safu hiyo ndiyo itakuokoa. Bila hiyo utabuni sababu, na sababu ya kubuni huishia kwenye ripoti.

Tarehe ziandike kwa mtindo wa 2020-05-04, mwaka ukitangulia. Faili nyingi za kimataifa hutumia mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, na kompyuta iliyowekwa mpangilio wa kwetu itasoma tarehe 4 Mei kama 5 Aprili bila kulalamika. Kosa hili halionekani kwa macho. Linajionyesha tu pale ambapo tarehe 1 hadi 12 za mwezi zimetawanyika mwaka mzima, na kuanzia 13 kila kitu kinakaa sawa.

Sasa wastani wa siku saba. Siku moja haina maana, kwa sababu wikendi maabara hupima kidogo na Jumatatu huwa na nambari za chini hata ugonjwa ukiwa unapanda. Lakini wastani una njia sahihi na njia mbovu, na njia mbovu ndiyo iliyozoeleka. Usijumlishe asilimia saba ukagawanya kwa saba. Jumlisha wagonjwa wapya wa siku saba, jumlisha sampuli za siku hizohizo, kisha gawanya. Tofauti si ndogo: siku yenye sampuli 500 na wagonjwa 100 ni asilimia 20, siku yenye sampuli 4,500 na wagonjwa 180 ni asilimia 4. Wastani wa asilimia hizo mbili ni 12. Hesabu sahihi, 280 kwa 5,000, ni 5.6. Siku ndogo imepewa uzito sawa na siku iliyo kubwa mara tisa.

Kasi ya kuenea usiipime kwa jicho. Chukua jumla ya wiki hii, igawanye kwa jumla ya wiki iliyopita. Ikiwa wiki iliyopita ilikuwa 420 na hii 630, jibu ni 1.5, na kwa mwendo huo wagonjwa wataongezeka maradufu kila siku 12. Katika Excel fomula ni =7*LN(2)/LN(B3/B2), ambapo B2 ni jumla ya wiki iliyopita na B3 ni ya wiki hii. Kabla ya kuitangaza, hakikisha sampuli za wiki mbili hizo zinakaribiana. Zikitofautiana sana, linganisha asilimia badala ya idadi. Wapo wanaokimbilia programu za kukokotoa R, yaani mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Ni zana nzuri, ila zikilishwa idadi ya wagonjwa iliyopanda kwa sababu ya upimaji, zitakupa R iliyopanda kwa sababu hiyohiyo.

Kaunti zina matatizo yao. Kwanza, gawanya kwa idadi ya watu. Kwa sensa ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Lamu 143,920. Wagonjwa 100 kwa wiki huko Lamu ni karibu 70 kwa kila watu 100,000. Nairobi ingehitaji zaidi ya wagonjwa 3,000 kwa wiki kufikia kiwango hicho, lakini kwenye ramani ya idadi tupu Lamu huonekana imetulia. Pili, uliza kaunti iliyoandikwa ni ipi: anakoishi mgonjwa, alikopimwa, au iliko maabara? Katikati ya 2020 Busia na Kajiado zilipanda sana kwa sababu madereva wa malori walikuwa wakipimwa kwenye mipaka ya Busia, Malaba na Namanga. Dereva wa Mombasa aliyepimwa Malaba haonyeshi ugonjwa ulivyo vijijini Busia. Upande wa pili wa mpaka, Mei 2020 Uganda iliamua kuwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake, na jumla ya taifa ikashuka. Jumla ya wagonjwa tangu mwanzo haipaswi kushuka kamwe, kwa hiyo anayekokotoa wagonjwa wapya kwa kutoa jumla ya jana kutoka ya leo alipata nambari hasi. Ukikuta hasi, usiigeuze sifuri kimyakimya. Tafuta tangazo la siku hiyo, rekebisha siku za nyuma ikiwa tarehe zake zinajulikana, na kama hazijulikani acha siku hiyo wazi na uandike sababu.

Tatu, kaunti isiyopima haina wagonjwa. Hili ni gumu kwa watu kulikubali. Mei 2020, mitaa ya Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale Mombasa ilifungwa baada ya wagonjwa kuonekana humo kwa wingi, na timu za upimaji zilikuwa zimeelekezwa hukohuko. Wagonjwa walikuwepo kweli. Ila kulinganisha mtaa uliopimwa na mtaa usiopimwa, kisha kuuita wa kwanza “kitovu”, ni kuwabandika watu jina kwa kosa la kupimwa. Kila ramani ya wagonjwa unayochora, weka kando yake ramani ya sampuli kwa kila watu 1,000. Kaunti isiyo na sampuli za kutosha ipake kijivu. Usiipake kijani.

Kijivu hicho ni muhimu hata kwa nchi nzima. Tanzania ilitoa takwimu hadi mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikasimama hadi 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuingia madarakani. Katika faili za dunia nambari 509 inajirudia siku baada ya siku kwa zaidi ya mwaka. Ukikokotoa wagonjwa wapya utapata sifuri, ukipiga wastani wa siku saba utapata sifuri, na grafu yako itadai kwamba ugonjwa ulitoweka Dar es Salaam huku dereva anayevuka Namanga akipatikana nao. Seli hizo ziache tupu. Tupu na sifuri ni vitu viwili, na Excel inavitofautisha ukiichukulia kwa uangalifu: AVERAGE huruka seli tupu, lakini sifuri huihesabu.

Vifo navyo. Kwenye matangazo ya 2021 nchini Kenya ungesikia kwa mfano kwamba vifo 18 vimeripotiwa, viwili vimetokea ndani ya saa 24, na vilivyobaki vimepatikana katika ukaguzi wa kumbukumbu za vituo vya afya kutoka tarehe mbalimbali. Ndiyo sababu jedwali lina safu mbili za vifo. Ukiviweka vyote 18 kwenye siku ya tangazo, unatengeneza kilele ambacho hakikuwepo, na mara nyingi kinaangukia wakati wimbi limeshaanza kushuka. Kumbuka pia kwamba anayefariki leo aliambukizwa, kwa kawaida, wiki tatu au nne nyuma. Kugawanya vifo vya leo kwa wagonjwa wa leo wimbi likiwa linapanda kunaufanya ugonjwa uonekane mpole kuliko ulivyo, na wimbi likishuka kunaufanya uonekane mkali. Mgonjwa huandikwa siku kadhaa baada ya kuambukizwa, kwa hiyo linganisha vifo vya wiki hii na wagonjwa walioandikwa wiki mbili hadi tatu zilizopita, na hata hapo ukijua kwamba wagonjwa walioandikwa ni sehemu tu.

Waliolazwa na walio mahututi ni hesabu ya waliopo, kama watu waliomo ndani ya basi. Usizijumlishe siku hadi siku, kwani mgonjwa aliyelala siku 10 utamhesabu mara 10. Lakini ndizo ninazoziamini kuliko nyingine wakati vipimo vimekauka, kwa sababu kitanda chenye mtu hakitegemei kitendanishi. Desemba 2021, aina mpya ya kirusi cha korona iitwayo Omicron ilipofika, asilimia ya maambukizi Kenya ilipita 30, zaidi ya mawimbi yote yaliyotangulia, lakini vyumba vya mahututi havikujaa kama wakati wa aina iliyotangulia, Delta, katikati ya mwaka huo. Aliyetazama safu moja tu aliogopa kupita kiasi au alipuuza kupita kiasi, kutegemea ni safu gani.

Sehemu iliyofichika ni kubwa kiasi gani? Njia bora tuliyopata ni damu. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi walipima kingamwili, alama ambazo mwili huziacha kwenye damu baada ya kupambana na kirusi, katika sampuli 3,098 za watu wa miaka 15 hadi 64 waliochangia damu kati ya 30 Aprili na 16 Juni 2020. Baada ya marekebisho walikadiria kwamba waliokuwa na kingamwili ni asilimia 4.3 kitaifa, 8.0 Mombasa, 7.3 Nairobi na 5.5 Kisumu. Asilimia 4.3 ya watu wa umri huo ni zaidi ya milioni moja. Wakati huohuo, wagonjwa waliothibitishwa nchini walikuwa takriban 4,000. Kwa kila mmoja aliyeandikwa, mamia hawakuandikwa. Wachangia damu si kioo kamili cha taifa, maana ni watu wenye afya na wengi ni vijana, na ndiyo maana hesabu ilirekebishwa kwa umri, jinsia na eneo. Hata hivyo ukubwa wa pengo haubadiliki.

Njia nyingine ni vifo vya ziada: chukua vifo vyote vilivyosajiliwa, kwa sababu yoyote, toa vile ambavyo ungetarajia kwa miaka ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria hivyo vifo milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, dhidi ya milioni 5.4 vilivyoripotiwa. Afrika Kusini, yenye usajili imara, ilivifuatilia wiki kwa wiki kupitia Baraza la Utafiti wa Tiba. Kwetu njia hii inakwama, kwani vifo vingi vya nyumbani vijijini huishia kaburini bila cheti. Ukiitumia, anza na miji ambako kibali cha mazishi hudaiwa, na usizidishe matokeo ya mji kwa taifa zima.

Haya yote hayakuisha na korona. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpoksi, ugonjwa wa vipele uliokuwa ukiitwa homa ya nyani, kuwa dharura ya kimataifa, aina mpya ya kirusi ikiwa imeanzia Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika mkoa wa Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kenya nayo ilikuwa imetangaza mgonjwa wake wa kwanza wiki mbili kabla, msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta. Katika Kongo wengi wa walioripotiwa walikuwa washukiwa, wametambuliwa kwa vipele na dalili, kwa sababu sampuli ilipaswa kusafiri mbali kufikia maabara na nyingi hazikufika. Kwa mlipuko wa namna hiyo ongeza safu mbili: washukiwa, na washukiwa waliopimwa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza kila wiki, mkoa kwa mkoa, ndipo uangalie waliothibitishwa. Na katika grafu usiwajumlishe washukiwa na waliothibitishwa: aliyethibitishwa leo alikuwa mshukiwa wiki iliyopita, na utakuwa umemhesabu mara mbili.