Jina bandia halikufichi: yaliyonikuta Mwaloni

Wakuu, habari za usiku. Nimeusoma humu jukwaani uzi wa dada yetu anayeuliza kama jina bandia linatosha, maana anataka ushauri juu ya jambo la ndani ya nyumba yake na hataki mume, mawifi wala watu wa kazini wajue ni yeye. Wengi mmemjibu "fungua ID mpya, umemaliza", yaani jina jipya la jukwaani. Mimi nasema hujamaliza, na nasema hivyo kwa sababu yalinikuta.

Dada, kabla hujasoma zaidi, rudi kwenye swali lako ukalihariri. Umetaja mambo matatu kukuhusu. Siyarudii hapa makusudi, maana nikiyanukuu, hata ukiyafuta kwako yatabaki kwangu. Nimekutajia PM, kwenye ujumbe wa faragha. Kila moja likiwa peke yake halina neno, Mwanza ina watu tele wa namna hiyo. Yaweke pamoja matatu uone. Mtu wa mtaani kwenu akiyasoma anabaki na sura moja tu kichwani. Na ID yako ina siku mbili!

Sasa langu. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha, msihangaike kunitafuta.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nilishirikiana na kaka mkubwa wa mke wangu. Yeye alikuwa upande wa Ukerewe, anakusanya mzigo kwa wavuvi na kuupakia. Mimi naupokea mjini na kutafuta wateja, hasa wale wanaovusha kwenda Kongo na Burundi. Ikafika mahali magunia ninayoambiwa kwenye simu na magunia ninayoyahesabu kwa mkono hayalingani. Kumuuliza shemeji mkubwa uso kwa uso sikuweza. Kumwambia mke wangu ndiyo kabisa. Usiku mmoja nikaingia jukwaani nikamwaga uzi mrefu: shemeji ananiibia, nifanyeje? Sikutaja jina. Hata Mwanza sikuitaja, niliandika "mkoa mmoja kanda ya ziwa". Nikalala usingizi mzito, nikijiona mjanja.

Wiki tatu baadaye nipo nimechuchumaa nashona mdomo wa gunia, shemeji akatokea. Siku zote tunaanza na salamu ndefu, habari za nyumbani, za watoto, za mzee. Siku ile hakusalimia. Alisimama juu yangu, akatoa simu, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Maneno yangu yote, na wapagazi wanasikia. Alipofika kwenye "mimi napima kwa ndoo, sipimi kwa mdomo" akanyamaza, akaniangalia. Huo usemi ni wangu. Nawaambia wateja kila siku, hata wapagazi walikuwa wananitania nao.

Nikajikaza. "Shemeji, wauza dagaa kuzunguka ziwa lote hili ni wangapi?"

Hakunijibu. Akafungua menyu ya kutuma pesa, akaandika namba, akaandika shilingi elfu moja, akanigeuzia kioo. Majina yangu matatu, mpaka la babu, yamejipanga pale yakisubiri aweke namba ya siri. Akaghairi muamala.

"Namba hii umenipa mwenyewe, shemeji," akasema. "Kwenye friza."

Nilichukua muda kuelewa. Ni hivi: kijana wake aliye chuoni aliuona uzi, akahisi harufu ya nyumbani. Akachukua ID yangu ya jukwaani, akaiweka Google. Ikamletea tangazo nililoweka kwenye tovuti ya kuuza vitu vilivyotumika, miaka mitatu kabla, nauza friza. Jina la muuzaji ni lile lile, nililipenda mno nikawa nalitumia kila mahali. Namba ya simu ipo chini ya picha. Basi. Hakuna aliyedukua chochote, na kijana hakutumia hata nusu saa.

Kikao cha ukoo kilifanyika Sengerema, nikatozwa faini ya mbuzi. Na lililoniuma kuliko mbuzi: magunia kweli yalikuwa yanapotea, ila njiani, mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Shemeji hakuwa na kosa.

Ndiyo maana nasema jina si kitu. Kinachokutaja ni vipande. Kwangu vilikuwa vitatu: ID inayofanana sehemu mbili, namba ya simu, na usemi wa mdomoni.

Hili halikuanza kwetu. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno ambayo watumiaji wake wapatao 650,000 walikuwa wameyatafuta mtandaoni kwa miezi mitatu. Majina waliyaondoa, kila mtu akapewa namba. Waandishi wa New York Times wakachukua namba moja, wakasoma alichokuwa akikitafuta: mafundi bustani wa mji fulani, watu wa jina fulani la ukoo, maradhi. Wakaenda mpaka mlangoni kwa mama mmoja wa jimbo la Georgia, naye akakiri kuwa ni yeye. Hakuwa ameandika uzi wowote. Alikuwa anauliza tu maswali yake.

Tuje kwenye namba ya simu, maana hapa Tanzania ndipo pabaya zaidi na ndipo watu wanapopadharau. Kwetu namba ni jina. Yeyote mwenye namba yako anajifanya anakutumia hela, majina yanatokea, anaghairi, hajakatwa hata senti. Mtu ataniambia basi nitasajili laini ya pili. Tangu tulipoanza kusajili kwa alama za vidole mwaka 2019, laini zako zote zinasoma namba moja ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo laini ya pili italeta majina yale yale. Ya kusajiliwa na mtu mwingine usiguse, huko ni kujitafutia kesi. Dawa ni moja: namba isikae mahali ambapo ID yako inakaa. Tovuti ikikulazimisha uweke namba ili ujisajili, jiulize kama unaihitaji kweli. Nyingi zinakubali barua pepe, na barua pepe ya bure unafungua mpya kwa dakika chache, isiyo na jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa. Hiyo itumie kwa mambo ya jukwaani tu. Na programu ikikuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, kataa. Ukiruhusu, kesho wifi yako ataletewa akaunti yako kwenye orodha ya "watu unaoweza kuwafahamu".

Ukiwa hapo, piga *106# uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilipopiga nilikuta moja nisiyoijua. Ni mambo ya kuacha alama za kidole kwa wakala wa barabarani mara mbili mbili, "kaka hii imegoma, weka tena".

Na hiyo NIDA yenyewe. Naona humu watu wana nia njema, wanapiga picha kitambulisho walichookota stendi ya Buzuruga na kukirusha kizima kizima mwenyewe akione. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukirusha namba umerusha na tarehe. Ziba namba, acha jina tu, mwenyewe atakifuata.

Picha nazo. Simu ikiwa imeruhusiwa kusoma mahali ulipo, picha inabeba ndani yake alama za eneo ulipopigia. Mitandao mikubwa mingi huziondoa unapopandisha, tovuti ndogo huna hakika. WhatsApp ukituma kama picha zinaondoka, ukituma kama faili zinabaki, na siku hizi watu wanapenda kutuma kama faili ili isipoteze ubora. Zima eneo kwenye mipangilio ya kamera, umalize.

Ila Mwanza ina shida yake ambayo haizimwi kwenye mipangilio: mawe. Jiwe la Bismarck kila mtu analijua, lakini hata mawe yasiyo na jina hayafanani. Nyumba za Mabatini, Igogo, Bugando zimekaa katikati ya mawe, na jiwe la nyuma ya nyumba yako halipo nyuma ya nyumba nyingine. Kuna jamaa alirusha picha ya sufuria la sato jikoni kwake, anajisifia mapishi. Dirishani lilionekana jiwe limepanda juu ya jiwe, na kipande cha ziwa upande wa kulia. Mdau mmoja akamwambia mtaa, halafu akamwambia na upande wa barabara. Kwa utani, lakini jamaa aliifuta picha haraka sana. Dada, ukitaka kuweka picha yoyote, piga ukuta mtupu.

Kuna aliyekushauri utumie ile hali ya faragha ya kivinjari (Incognito), yenye alama ya kofia na miwani. Itumie, hasa kwa simu mnayoshirikiana nyumbani, maana haiachi historia kwenye simu. Ila kazi yake inaishia hapo hapo kwenye simu. Tovuti bado inaona umetokea wapi, kampuni ya mtandao bado inaona umekwenda tovuti gani, na Wi-Fi ya ofisini kwako vilevile. Kwa hiyo usiandikie kazini. VPN nayo, ile programu ya kuficha umetokea wapi mtandaoni, usikimbilie kwa sababu mtu kakwambia humu. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wapeleke taarifa zao, na VPN za bure nyingine zenyewe ndizo zinazokusanya mambo yako. Halafu unayemkimbia wewe si serikali. Ni wifi. Wifi haangalii anwani yako ya mtandao (IP), anaangalia namna unavyoandika.

Hapo kwenye kuandika ndipo mimi nimebadilika zaidi. Sitoi usemi wangu wa kila siku. Idadi ya watoto naibadilisha, umri nauchezea, wa kike namfanya wa kiume kama haiharibu swali. Jambo la juzi naliandika kama la mwaka jana. Wengine humu mtasema huo ni uongo. Sawa, lakini ushauri niliohitaji juu ya magunia usingebadilika hata kama ningeandika mahindi badala ya dagaa. Laiti ningeandika mahindi!

Kuhusu sheria, ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake. Inawabana wanaokusanya taarifa zako: kampuni, ofisi, wenye tovuti. Unaweza kuwadai wasahihishe au wafute. Itumie kwa hao. Kwa shemeji aliyesoma ulichoandika kwa mkono wako mwenyewe, sidhani kama itakusaidia.

Na usitegemee kufuta baadaye. Niliwaandikia wasimamizi, waungwana, waliuondoa uzi wangu siku ile ile. Lakini skrinshoti zilikuwa zimeshaingia kundi la WhatsApp la ukoo, na mpaka leo kwenye harusi kuna mjomba mmoja akiniona na sahani ya pilau ananiuliza, "Hii umepima kwa ndoo au kwa mdomo?" Kuna pia mitambo kama ile ya Internet Archive inayohifadhi nakala za kurasa tangu 1996, kwa hiyo kilichofutwa huku kinaweza kuwa kimelala kule.

Jambo la mwisho, dada, fanya hata usiku huu. Chukua ID uliyotumia hapa, iweke Google ndani ya alama za kunukuu, uone inakuleta wapi. Ikileta chochote kingine zaidi ya uzi wako, iache, fungua nyingine yenye jina ambalo hujawahi kulitumia popote, halafu uliza swali lako upya bila yale matatu. Mimi nitakujibu kama vile sijawahi kukuona. Ukishahariri lile la kwanza niandikie PM neno moja tu, "tayari", nami nitawaomba wasimamizi waufunge uzi wako wa kwanza.