Klopromazini, dawa mseto na wanzuki: wafamasia wanajibu

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Mdogo wangu anameza klopromazini miligramu 100 kila usiku, ya kliniki ya afya ya akili. Juzi kapimwa, kakutwa na malaria, akapewa dawa mseto. Dukani wakamwongezea piritoni maana anawashwa. Na jioni hakosi wanzuki. Vyote hivi vinaendana?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Haviendani. Tuanze na wanzuki. Klopromazini inapunguza kasi ya ubongo, pombe nayo vilevile. Zikikutana, mtu analala usingizi ambao hata akitapika haamki. Matapishi yanaingia mapafuni na pumzi inazidi kufifia. Wapo wanaoruka kidonge cha usiku ili wanywe kwa amani. Haisaidii, kwa sababu dawa hii hukaa mwilini zaidi ya siku nzima: pombe inaikuta dawa ya jana, na ugonjwa unapata mwanya wa kurudi.

Piritoni inaongeza usingizi uleule, tena inakausha. Kama kliniki walimpa na Artane ya kuzuia kukakamaa, sasa zitakuwa dawa tatu zinazokausha: mkojo unagoma kutoka, choo kinafunga, jasho linapungua, na mtu wa shambani anaweza kuzidiwa na joto mchana. Aiache piritoni, aulizie loratadini, ambayo hailetei watu wengi usingizi.

Dawa mseto ndiyo inayotaka umakini zaidi. Lumefantrini iliyomo ndani yake na klopromazini zote huchelewesha umeme wa moyo, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Zaidi ya hapo, lumefantrini inazuia kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuvunja klopromazini, kwa hiyo klopromazini inaweza kuongezeka kwenye damu bila mgonjwa kuongeza kidonge. Hatari inakuwa kubwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo na kwa anayetapika au kuharisha, maana anapoteza potasiamu. Lakini malaria nayo inaua, hivyo asiache dawa yoyote kati ya hizi mbili kwa uamuzi wake. Leo hii rudini kituoni na paketi zote mkononi. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa moyo, kubadili dawa ya malaria, au kurekebisha klopromazini kwa siku hizo. Akizimia, au moyo ukienda mbio ovyo, msisubiri asubuhi.

Na homa yenyewe muitazame vizuri. Mtu anayetumia klopromazini akipata homa kali, misuli ikawa migumu kama ubao, jasho likamtoka na akaanza kuchanganyikiwa, huenda ni madhara ya klopromazini yenyewe, hata kama kipimo kimeonyesha malaria. Kidonge cha klopromazini kinachofuata asipewe. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Tunalisisitiza hili kwa sababu huku kwetu kila homa hupewa jina la malaria.

SWALI: Mama yangu anatumia klopromazini na vidonge vya presha. Akiamka usiku kwenda chooni anaanguka. Tumbo likimchoma anatafuna magnesiamu.
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Klopromazini inalegeza mishipa ya damu, na dawa nyingi za presha hufanya hivyohivyo. Akisimama ghafla, damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Akae ukingoni mwa kitanda dakika 2 hadi 3, miguu ikining'inia, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Ndoo ya haja ndogo iwe chumbani. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ziandikeni zote mzipeleke kwa daktari anayempa dawa za presha, msimpunguzie wenyewe.

Magnesiamu inazuia klopromazini isifyonzwe vizuri tumboni. Ziachane kwa muda wa saa 2.