Jibu: Logan na Kili urefu karibu sawa, mbona ugumu tofauti?

Mambo mkuu. Umesema Mlima Kili ni mita 5,895 na Mlima Logan kule Yukon, Kanada, ni 5,959, tofauti mita 64 tu, so kwa nini aliyefika Uhuru, kilele cha Kili, asiende na begi lilelile.

Mi nimepiga upota, kubebea wapandaji mizigo, njia ya Machame ya Kili misimu minne, Logan sijapanda, ila nilimsaidia mteja mmoja kufunga mizigo ya kwenda huko, nikakuta msumeno. Nikamuuliza wa kuni? Akacheka, kumbe wa kukatia matofali ya theluji ya kuzungushia hema upepo usilibebe.

Cha kwanza cheki siku zako za likizo. Kili siku saba umemaliza, Logan weka wiki tatu, maana unashushwa na kindege chenye ski juu ya barafu, na dhoruba za Pasifiki zikiingia hakiruki, unakaa tu unahesabu chakula. Pota hakuna, mzigo unauburuta mwenyewe kwenye sleji huku mmefungana kamba sababu ya nyufa za barafu.

Baridi ndo usiseme. Mei 1991, msimu wenyewe wa kupanda, iliripotiwa nyuzi -77.5 za Selsiasi! Halafu huko kaskazini presha ya hewa iko chini kuliko ikweta, kwa hiyo mita zilezile kifua kinabana zaidi.

Hao wa kwanza kuupanda Logan, kina MacCarthy, walianza kusomba mizigo kwa farasi na mbwa tangu winta, kileleni wakafika watu sita, Juni 23, 1925.

Ushawahi kulala kwenye theluji hata usiku mmoja?