Mama Asiogope Vyuma: Nilivyofungwa Antena Mkononi

Juzi binti mmoja wa Tukuyu ameniandikia. Mama yake kateleza shambani, mfupa umesagika karibu kabisa na kifundo cha mkono, daktari anataka kumfunga vyuma vya nje. Ndugu wamegoma, wanataka apelekwe kwa mzee wa kuunga mifupa. Nimesoma ujumbe ule nikashika mkono wangu wa kulia.

Mwaka jana, mwezi wa nne, natoka Uyole kwenda Mwanjelwa kuchukua vitambaa, bodaboda ikateleza kwenye tope. Nikatanguliza kiganja. Nilikopelekwa kwanza walinivuta, wakanifunga hogo, yaani plasta ngumu, wakasema rudi baada ya wiki sita. Basi. Hakuna aliyeniambia kwamba mfupa uliosagika namna ile unaweza kuteleza humohumo ndani ya hogo, na kwamba picha ya eksirei hurudiwa mapema, ndani ya wiki moja au mbili. Hilo linaniuma mpaka leo. Mimi ni fundi cherehani. Mkono ndio shamba langu.

Siku ya 11 vidole vimevimba, kidole gumba na cha shahada vina ganzi. Nikaenda hospitali nyingine. Eksirei ikaonyesha mfupa umeshuka na kujifupisha.

Daktari wa pale hakuniogopesha. Alichukua pembe ya kanga yangu iliyokunjamana, akaivuta pande mbili, mikunjo ikanyooka. Akasema kano zimeshika vile vipande. Zikivutwa, vipande vinarudi kwenye mstari, na chuma kinakaa nje kushikilia mvuto huo. Nikaelewa hapohapo. Nilichomwa ganzi, nikawekewa pini mbili kwenye mfupa wa kiganja unaoelekea kidole cha shahada, mbili kwenye mfupa wa mkono upande wa kidole gumba, na fimbo ya kuziunganisha. Waya mbili nyembamba ziliongezwa, maana kuna vipande ambavyo mvuto peke yake hauvifikii. Mtaani wakaniita Mama Antena.

Nilikaa nayo wiki sita. Baridi ya Uyole mwezi wa sita mnaijua: alfajiri chuma kinakuwa cha baridi hadi unakihisi ndani ya mfupa. Nilipasua mkono wa sweta nikautia vishikizo. Kila siku nanawa kwa sabuni, nasafisha tundu za pini kama nesi alivyonielekeza. Tundu likiwa jekundu, likitoa usaha, au pini ikicheza, unarudi hospitali siku hiyohiyo.

Ila kosa langu ni vidole. Wiki ya kwanza niliogopa maumivu, sikuvikunja, vikakakamaa. Nilivilipia kwa miezi ya mazoezi na machozi. Kunja ngumi, kunjua, gumba liguse kila kidole, na kiwiko na bega visilale. Vidole, jamani, vidole!

Desemba nilishona sare za kwaya nzima kwa mkono huuhuu.

Na nyie ndugu mnaokaa kikao juu ya mkono wa mama mgonjwa, muulizeni daktari maswali yote mnayotaka, lakini msimpeleke akavutwevutwe bila hata picha. Siku zikipita mfupa unaunga ulivyopinda, na kuurudisha ni upasuaji mkubwa zaidi.

Binti yangu, mpeleke mama kesho. Sweta lake likishindwa kupita kwenye vyuma, nitumie kwa basi la Uyole, nitalipasua na kulitia vishikizo. Sitaki hela.